Konokono wa Kauai na nondo wa Blackburn: nani yuko pabaya zaidi?

Swali lenyewe nalifupisha. Msomaji yuko Morogoro, chuo mwaka wa pili, kapewa asaimenti ya kulinganisha konokono wa maji baridi na nondo, wote wawe hatarini kutoweka. Yeye kachagua wa Hawaii, konokono wa kisiwa cha Kauai anaitwa Erinna newcombi na nondo ni Manduca blackburni. Anauliza hivi: "Mtaalamu, mbona konokono yuko kisiwa kimoja tu, tena vijito vya kuhesabu, halafu serikali ya Marekani imemuweka daraja la chini kuliko nondo aliyekuwa visiwa vitatu na ana mabawa ya kumpeleka popote? Si ingekuwa kinyume? Na je nikisema wana adui mmoja nitakuwa nimekosea?"

Mdogo wangu, hujakosea. Ila huyo adui ana stori ndefu na stori yenyewe inaanzia huku kwetu pwani, nitafika huko, niache kwanza niwatambulishe wahusika maana kuna wengine wanasoma hapa hawajui tunaongelea nini.

Huyo konokono usimfikirie yule mkubwa anayepanda ukutani masika. Huyu ni milimita 6 hivi, mweusi, gamba laini, halafu halina ule msokoto mrefu wa kuchongoka kama jamaa zake, ni kama duara moja tu limevimba. Ukimuona kwenye jiwe bichi unaweza kudhani mtu kadondosha punje ya pilipili manga. Ukoo wake ni Lymnaeidae, kwa hiyo ni binamu wa vile vikonokono vya kwenye majaruba ya mpunga na mabwawa ya kunyweshea ng'ombe, vinavyoeneza minyoo ya ini. Hilo la minyoo lishike, tutalirudia. Anakula ukoga na uozo wa mimea uliokaa juu ya mawe, mayai anayabandika hapohapo kwenye jiwe ndani ya maji, na watoto wakitoka wanaanzia maisha hapohapo. Hapa ndo pa kuzingatia, kwasababu Hawaii kuna konokono wengine wa mitoni ambao vitoto vyao vinachukuliwa na maji mpaka baharini vinakua huko halafu vinapanda kuingia mto wowote vitakaoukuta, kwa hiyo mto mmoja ukiharibika mwingine unaujaza tena. Huyu wetu hana hiyo safari. Akifa kwenye kijito chake, hamna atakayekuja kumrithi labda kwa muujiza.

Sasa utasema Kauai maji si tatizo, mlima Waialeale pale katikati unapata mvua zaidi ya mita 9 kwa mwaka. Kweli, lakini maji mengi sio maji anayoyataka. Nilipokuwa mwanafunzi kama wewe tulipelekwa Usambara kutafuta konokono wa mtoni, nikashinda katikati ya mkondo nageuza mawe toka asubuhi suruali imelowa mpaka mapajani na sijapata hata mmoja, mzee mmoja wa pale aliyekuwa anatutembeza akacheka weee, akaniambia kijana hapo mto ukikasirika unafagia kila kitu, nani ataweka nyumba hapo? Akanipeleka pembeni kwenye mwamba unaochuruzika, maji membamba kama kitambaa, yana ubaridi wa chemchemi, nikapitisha kidole chini ya ukingo wa jiwe nikahisi vipele vipele. Ndo wao. Na huyu wa Kauai tabia yake ni hiyohiyo, anataka maji ya chemchemi yasiyokauka mwaka mzima, yaendayo kasi, ila pale pasipofikiwa na mafuriko yanayobingirisha mawe, mfano pembeni mwa maporomoko au kwenye michirizi ya mwamba. Aprili 2018 sehemu inaitwa Waipa, kaskazini mwa kisiwa karibu na Hanalei, ilipata mvua ya milimita 1,262 ndani ya saa 24, rekodi ya Marekani nzima, yaani zaidi ya mvua ya mwaka mzima ya Dar es Salaam imemwagika siku moja. Kiumbe cha milimita 6 kinaponea kwenye kona ya mwamba tu hapo.

Kwa hiyo ukichora ramani yake utapaka vijito kadhaa rangi, mfano Kalalau, Lumahai, Hanalei, Makaleha, lakini ndani ya kila kijito yuko kwenye vipande vidogo vidogo, na idadi kubwa ya wote waliojulikana wakati Marekani inamuorodhesha kisheria kuwa yuko hatarini ilikuwa Kalalau na Lumahai. Ukimhamisha maji umemuua. Watanzania hili hatuhitaji kufundishwa, tuliliona Kihansi. Vyura wa pale waligunduliwa 1996, wanaishi kwenye manyunyu ya maporomoko tu, bwawa la umeme likaanza kazi maji yakachepushwa, na 2009 ikatangazwa rasmi kwamba porini hawapo tena, waliobaki walikuwa kwenye zuu Marekani. Kuna watu bungeni na vijiweni walikuwa wanauliza vyura na umeme bora nini, wewe usiingie mjadala huo kwenye asaimenti, ila mfano wa Kihansi utumie kabisa maana kimaumbile ni kesi ileile: kiumbe kilichofungwa na mtiririko mmoja wa maji. Kauai nayo ina historia ndefu ya mifereji ya mashamba ya miwa kunyonya maji ya mito, na chemchemi ndo kitu cha kwanza watu wa maji ya bomba wanakitolea macho.

Haya, nondo. Huyu ni jitu, mabawa yakikunjuliwa anafika sentimita 12, ni kati ya wadudu wakubwa kabisa wa asili wa Hawaii. Rangi ya kijivu kahawia, na ubavuni kwenye tumbo ana madoa matano ya rangi ya chungwa kila upande. Jina ni la padri Thomas Blackburn aliyekuwa anakusanya wadudu Honolulu miaka ya 1870 na kidogo. Kiwavi chake unaweza ukakiwazia bila kwenda Hawaii: nenda kwenye bilinganya za nyumbani, au matembele, tafuta lile liwavi nene kama kidole lenye kapembe mkiani ambalo watoto wanaogopa kulishika. Hao wa kwetu ni spishi nyingine lakini familia moja ya nondo, wanene, wanaruka kama ndege, wanasimama hewani mbele ya ua na kunyonya kwa mrija.

Kiwavi wa Blackburn anakula mimea ya ukoo wa mnyanya. Chakula chake cha asili ni mti unaitwa aiea, wa misitu mikavu ya chini, na misitu mikavu ndo ya kwanza kuliwa na mbuzi, ng'ombe, moto na viwanja vya nyumba. Aiea akaadimika, nondo akaadimika. Zamani alionekana visiwa karibu vyote vikubwa, hadi Kauai na Oahu, kufika miaka ya 1970 watu wakahesabu kwamba amekwisha. Halafu 1984 akapatikana Kanaio, kule Maui, sehemu ya mawe ya volkeno na vichaka. Baadae akaonekana Kahoolawe na kisiwa kikubwa cha Hawaii. Kahoolawe yenyewe ni kisiwa ambacho jeshi la majini la Marekani lilikitumia kupigia mabomu ya mazoezi toka 1941 mpaka 1990, kimechimbika, mbuzi wamekila mpaka udongo mwekundu unaonekana kwa mbali, na nondo yupo.

Anakula nini huko? Hapa ndo nampendea huyu mdudu. Anakula tumbaku mti, Nicotiana glauca, gugu kutoka Amerika Kusini, lile lenye maua membamba ya njano na majani ya kibuluu kama yamepakwa vumbi, hata Kenya na Tanzania lipo limeota pembezoni mwa barabara sehemu kavu. Ni ndugu wa tumbaku kwa hiyo kiwavi ambaye babu zake walizoea aiea alilikubali. Anakula pia tumbaku ya kawaida, bilinganya, mnanaha. Sasa fikiria afisa wa mazingira aliyeajiriwa kung'oa magugu ya kigeni, anafika kwenye tumbaku mti anakuta kiwavi anayelindwa na sheria kakaa juu ya gugu ambalo yeye ametumwa alitokomeze. Ikabidi uwepo utaratibu: kabla ya kukata unakagua, majani yaliyotafunwa, mayai, vinyesi vyeusi chini ya shina, mche ukizidi kama mita moja usiuguse hovyo, na udongo wa mita 10 kuzunguka mmea usichimbuliwe maana kiwavi akishiba anashuka anajizika humo kuwa pupa. Kutoka yai mpaka nondo mzima inaweza kuchukua siku 56 tu, lakini mvua zikikataa anaweza kukaa ardhini hata mwaka mzima anasubiri. Kwa hiyo unaweza kupita sehemu hamna nondo hata mmoja, unaandika ripoti "hakuna", kumbe umewakanyaga.

Nondo mzima yeye anataka maua, hali majani tena. Mojawapo ya maua yake ni la ule mmea unaotambaa mchangani ufukweni, majani kama kwato za mbuzi, ua la zambarau, ambao ukitoka Lamu mpaka Mtwara unaujua. Kwa hiyo anahitaji vitu vitatu kwa pamoja: mti wa kulea watoto, udongo usiochimbuliwa, na maua, na vyote viwe umbali anaoweza kuruka. Ndo maana maeneo yaliyotengwa kisheria kwa ajili yake mwaka 2003 yalikuwa hekta 22,440 kwenye visiwa vinne, wakati konokono 2002 alitengewa hekta 1,812, vipande 8 vya vijito na ardhi inayovizunguka. Mara 12. Mwanafunzi mvivu ataandika "nondo ana eneo kubwa hivyo yuko salama zaidi". Hizo hekta zinakuonyesha mahitaji yake, usalama ni habari nyingine.

Turudi kwenye daraja sasa, ndo uliloniuliza. Sheria yao ya 1973 ina ngazi mbili, ya juu ni kiumbe kilicho kwenye hatari ya kutoweka sasa hivi katika eneo lake lote au sehemu kubwa ya eneo hilo, ya chini ni kile ambacho kinaelekea kufika huko siku za mbele zinazoonekana. Konokono aliingizwa ngazi ya chini Januari 26, 2000, nondo ngazi ya juu Februari 1, 2000, hata wiki haijapita kati yao, na nondo akawa mdudu wa kwanza wa Hawaii kuingia listi hiyo. Mimi tofauti yao naisoma hivi. Nondo ameshaanguka na tumemuona akianguka, kutoka visiwa vyote hivyo mpaka kudhaniwa amekufa, na chakula chake cha asili kinazidi kupungua huku anaishi kwa kutegemea gugu ambalo kila mtu anataka kuling'oa. Konokono sehemu yake ni ndogo, lakini udogo huo kwa kiasi kikubwa ndo maumbile yake, hajawahi kuwa kiumbe cha kila mto, na vijito vyake viko juu milimani ambako kufika kwa mguu ni shughuli. Wakati anaorodheshwa makadirio yalikuwa konokono 6,000 mpaka 7,000 wote kwa jumla. Ni wachache, nakubali, wangeenea kwenye ndoo moja, ila ngazi ya sheria inaangalia kasi na sababu za kushuka zaidi ya inavyohesabu vichwa.

Binafsi ukiniuliza nani atatangulia kupotea likitokea baya la ghafla, nasema konokono. Nondo bomoa bonde moja atabaki lingine, jike likiruka usiku mmoja linaweza kutaga sehemu nyingine kabisa. Konokono chepusha chemchemi mbili tu umemaliza sehemu kubwa ya dunia yake. Kwa hiyo ndio, kwa namna fulani swali lako la "si ingekuwa kinyume" lina hoja, we liandike tu, ila uonyeshe umeelewa kwamba kuna hatari ya kudidimia taratibu na kuna hatari ya kuzimwa kama taa, hizo mbili hazipimwi kwa rula moja.

Adui mmoja sasa. Yule konokono mkubwa wa kwetu, wa pwani ya Afrika Mashariki, alisafirishwa na watu mpaka Morisi, India, akaenda mpaka Taiwan, na 1936 akafika Hawaii, akaanza kula bustani za watu. Serikali ya huko ikaona dawa ya konokono ni konokono mla konokono. Wakajaribu aina kadhaa, mmojawapo walimtoa Kenya, jina lake la kisayansi Gonaxis kibweziensis, ndio, Kibwezi hiihii ya njia ya Mombasa. Aliyeleta balaa lakini ni wa kutoka Florida, Euglandina rosea, aliyeachiwa 1955. Huyo ana kama masharubu mawili mdomoni, anayapitisha juu ya ute uliobaki njiani, anajua mwenye ute kaelekea wapi, anamfuata kwa spidi ambayo kwa konokono ni mbio. Konokono wetu mkubwa wala hakummaliza. Akawageukia konokono wadogo wa miti wa Hawaii ambao hawana kosa na mtu, jamii nyingi zimekwisha, na wa mwisho wa jamii mojawapo, waliyempa jina George, alifia maabara tarehe 1 Januari 2019. Na huyu wa mtoni unadhani alipona kwasababu yuko ndani ya maji? Euglandina ameonekana akizama mzimamzima chini ya maji kumfuata Erinna. Konokono wa nchi kavu anapiga mbizi kwa ajili ya kitonge cha milimita 6!

Halafu ile minyoo ya ini. Hawaii kulikuwa na ng'ombe wenye minyoo hiyo, ikaonekana dawa ni kuwapunguza vile vikonokono vya mabwawani, wakaletwa nzi ambao mabuu yao yanakula konokono wa ukoo wa Lymnaeidae. Buu la nzi halijui kusoma jina, Erinna ni Lymnaeidae vilevile. Kwa nondo nako ni hivohivo, manyigu madogo mno yanayotaga ndani ya mayai ya wadudu au ndani ya viwavi yaliletwa kusaidia wakulima dhidi ya viwavi waharibifu, na kiwavi cha Blackburn kwa nyigu ni kiwavi tu. Ongeza na sisimizi, maana Hawaii kwa asili haikuwa na sisimizi hata aina moja, wote wamefika na mizigo ya watu, wanabeba mayai ya nondo kama wanavyobeba sukari jikoni kwako.

Kwa hiyo sentensi yako iwe hivi: adui wao wa pamoja ni viumbe vilivyoletwa makusudi kuua viumbe wengine. Sio "viumbe vya kigeni" kwa ujumla, ukiandika hivyo mwalimu atakuuliza na tumbaku mti je, nao si wa kigeni, mbona unamlisha nondo? Na kweli hapo wenzetu wawili wanaachana njia, nondo anaweza kufaidika na mgeni, konokono sijaona mgeni yeyote aliyemfaa.

Mambo madogo madogo ya kumalizia. Usiweke safu ya "idadi" kwenye jedwali lako, konokono utamjaza lakini nondo idadi yake inapanda na kushuka kwa mvua, utapata namba isiyo na maana, weka badala yake "anategemea nini ambacho kikitoka naye anatoka". Moto uuweke upande wa nondo peke yake, nyasi za kigeni zimejaa ukanda mkavu wa Maui, nyingine asili yake Afrika, na Agosti 2023 dunia nzima iliona zinavyowaka. Mafuriko na maporomoko ya udongo yaweke kwa konokono. Na tafadhali jina lake Erinna ni n mbili, newcombi ni i moja mwishoni, umeliandika kwa makosa mara tatu kwenye meseji yako, yule mwalimu wako kama ndo ninayemjua mimi anakata maksi kwa hilo kabla hajasoma kitu kingine.